Jinsi ya Kufika Kinshasa kwa Saa Moja na Robo

Ahadi iliyo kwenye kichwa cha makala hii ni ya kweli. Panda ndege ya jeti inayoondoka uwanja wa Luano, Lubumbashi, saa 4:00 asubuhi. Mambo yakienda sawa, magurudumu yatagusa ardhi ya N'djili, Kinshasa, saa 5:15 asubuhi. Rubani hakukimbia kuliko wenzake, na saa za ukutani hazikuchezewa. Kazi yako ni moja tu: tazama saa ya Lubumbashi unapoondoka, tazama saa ya Kinshasa unapofika, na yaliyopita katikati usimwambie mtu.

Yaliyopita katikati ni saa mbili na robo za kuruka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imegawanywa katika kanda mbili za saa. Magharibi, pamoja na Kinshasa, iko saa moja mbele ya saa ya Greenwich. Mashariki, kuanzia Kasai mpaka Katanga, Kivu na Kisangani, iko saa mbili mbele. Ukitoka Lubumbashi kwenda Kinshasa unapewa saa nzima ya bure, na siku ya kurudi unadaiwa. Ndege ileile ikiondoka N'djili saa 4:00 asubuhi itatua Luano saa 7:15 mchana. Kwenda ni saa moja na robo, kurudi ni saa tatu na robo, na njia ya angani ni moja. Ukitaka kumshinda mtu kwa mabishano barazani, mwekee namba hizo mbili mezani kabla hajauliza habari za majira.

Lakini mwongozo huu hauishii kwenye mabishano. Umeandikwa kwa ajili ya kila mtu wa Lubumbashi aliyewahi kuulizwa, "Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni mbali kiasi gani?" akajibu kwa namba moja, na kwa ajili ya ndugu aliyeamini namba hiyo akaenda kumngoja uwanjani. Namba moja haitoshi hata kidogo. Zinahitajika tatu: kilomita, saa za angani, na saa za mlango kwa mlango. Na kila ukitaja saa, useme ni saa ya mji gani.

Tuanze na kilomita, maana hizo ndizo zenye tabia nzuri kuliko zote. Kati ya Luano na N'djili, mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia una kilomita 1,550 hivi. Marubani wataandika maili za baharini 840, nawe usibishane nao, ni masafa yaleyale. Kupima mwenyewe ni rahisi. Chukua tufe la dunia, si ramani ya ukutani, maana ramani bapa hulazimika kuvuta baadhi ya sehemu ili zikae kwenye karatasi. Bana ncha moja ya uzi pale Lubumbashi, ivute nyingine mpaka Kinshasa, kaza.

Sasa tazama uzi unapita wapi. Unaondoka Luano, unakatiza mkoa wa Lualaba, unapita kusini kidogo ya Kapanga katika nchi ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, unavuka mto Kasai, kisha unaingia Angola. Ndiyo, Angola. Unakatiza Lunda Norte, karibu kabisa na mji wa Dundo, ndipo unarudi Kongo upande wa Kwango na kuteremka kuelekea Kinshasa. Njia fupi kuliko zote kutoka mji wa pili wa nchi kwenda mji wake mkuu inapita nje ya nchi. Mipaka hii tulichorewa na watu waliokuwa wakigawana mito na madini, na hakuna kati yao aliyefikiria kwamba siku moja mtu wa Katanga angetaka kwenda Kinshasa kwa mstari ulionyooka. Ndege ikitaka kubaki juu ya Kongo mwanzo mwisho, inakunja kaskazini. Ukipima kwa kupitia juu ya Kananga unapata kilomita 1,640 hivi. Nyongeza ni kama kilomita 90, dakika sita au saba za jeti. Hizo tumsamehe rubani.

Usiuweke uzi bado. Acha ncha moja palepale Lubumbashi, uzungushe ile ya pili. Utagusa Nairobi kwa kilomita 1,540. Utagusa Luanda kwa 1,600 hivi. Utagusa Johannesburg kwa kama 1,615. Miji mitatu ya nchi tatu za kigeni iko umbali uleule na mji wetu mkuu, mmoja wao hata ni wa karibu zaidi kidogo. Halafu ulegeze uzi, kwa sababu Dar es Salaam iko chini ya kilomita 1,400. Mtu wa Lubumbashi yuko karibu na Bahari ya Hindi pale Dar kuliko alivyo karibu na ofisi ya waziri wake. Lusaka ndiyo usiseme: kilomita 425 tu.

Haya si mambo ya kuchezea uzi peke yake. Ukiona makasha yanayoshushwa Lubumbashi yametoka bandari ya Dar es Salaam, yamepita Tunduma, yakakata Zambia na kuingilia Kasumbalesa, ujue malori yanafuata hesabu hiyohiyo. Ukisikia soko zima linauliza bei kwa Kiswahili, wakati Kinshasa wanauliza kwa Kilingala, hesabu hiyo nayo imo ndani yake. Mwongozo wowote wa safari ya kwenda Kinshasa usiomwambia msafiri kwamba mgongo wa Lubumbashi umeelekea upande huo ni mwongozo wa nusu.

Twende kwenye saa za angani. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi, na inafaa kuijua kwa moyo: gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Ile 800 ni mwendo wa wastani wa jeti kwa saa, na nusu saa ni ya kupanda, kushuka na kujongea uwanjani kabla na baada ya kuruka. Kwa 1,550 unapata karibu saa mbili na nusu. Ratiba nyingi zitakuandikia kati ya saa mbili na dakika kumi na saa mbili na nusu, kwa hiyo kanuni haijakudanganya. Lakini ukishapata jibu, uliza ni ndege gani. Ile yenye mapangaboi mawili mbavuni, kama ATR, huenda kilomita 500 hivi kwa saa, na kwa mwendo huo unakaa angani zaidi ya saa tatu. Hakuna ubaya wowote. Chini kuna mengi ya kuona. Ubaya ni kumwambia mama mkwe saa mbili ilhali wewe umepanda ya saa tatu.

Swali la pili ni la kituo cha njiani, na hapa panahitaji umakini wa mwanasheria. Dirishani mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Mama, hii ndege inaenda Kinshasa moja kwa moja?"

"Ya moja kwa moja, papa."

"Haigusi Mbuji-Mayi?"

"Inagusa Mbuji-Mayi. Lakini wewe huteremki."

Mama huyo hajasema uongo. Kwake, safari ya moja kwa moja ni ile ambayo abiria habadilishi ndege. Kwako ni ile isiyosimama popote. Wote wawili mna haki, na tofauti kati ya haki zenu ni zaidi ya saa nzima. Kwa kilomita, kupitia Mbuji-Mayi hakuongezi jambo la kutisha: jumla inafika kama 1,670. Kinachokula muda ni kushuka, kufungua mlango, kuteremsha watu na mizigo, kupakia wengine, kuhesabu vichwa, kukuta kimoja kimepungua, kukitafuta, na kupanda tena. Basi usiulize kama ni ya moja kwa moja. Uliza inasimama wapi, na inakaa hapo kwa muda gani. Na ukipewa tiketi ya kupitia Addis Ababa kwa sababu ndege za ndani ya nchi zimejaa, pokea ukijua unachokipokea: kilomita 5,600 hivi, zaidi ya mara tatu na nusu ya masafa, ili utue palepale N'djili.

Halafu kuna mvua. Katanga hupata mvua zake tangu mwezi wa 10 au wa 11 mpaka wa 4, na bonde la Kongo ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa na radi mara nyingi kuliko kwingine. Wingu la radi likisimama mbele, rubani hulizunguka, na wewe uliyefunga mkanda unapaswa kumshukuru kwa kila kilomita anayoiongeza. Mwezi wa 8 na wa 9, nyika za miombo zikichomwa moto, ni moshi na ukungu wa vumbi unaofifisha mwanga juu ya Lubumbashi. Dakika zinazopotea kwa sababu ya hali ya hewa ndizo dakika pekee za safari hii nisizomlalamikia mtu.

Kwa anayetaka kujua mshindani halisi wa ndege ni nani, jibu ni jua. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, na kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna nyuzi 12 na kidogo. Jua linalosimama utosini mwa Lubumbashi huchukua kama dakika 49 kusimama utosini mwa Kinshasa. Halina kituo Mbuji-Mayi. Serikali imezifanya dakika hizo 49 kuwa 60 kamili, kwa sababu saa za nchi huenda kwa saa nzima, na ndiyo maana mgeni kutoka Kinshasa akifika kwetu huona mchana umemwahi kidogo tu, wakati saa yake ya mkononi imechelewa mno.

Jua hilohilo likuongoze kuchagua kiti. Ndege inaelekea kaskazini-magharibi. Ukisafiri asubuhi, miali inakuja upande wa kulia, basi keti kushoto, viti vya herufi A. Ukisafiri alasiri jua liko mbele upande wa kushoto, basi hamia kulia. Mimi binafsi ningechagua kushoto saa zote na kuvumilia joto, kwa sababu Luano iko kaskazini-mashariki ya mji, na ndege ikishapinda kuelekea Kinshasa, mji unabaki upande huo: lile bomba refu la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha takataka za shaba kando yake. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa sababu ya shaba hiyo. Anayeondoka auangalie vizuri.

Sasa tufike kwenye namba ya tatu, ile wanayoificha wote: mlango kwa mlango. Luano si mbali na katikati ya mji, lakini usijipange kwa kilomita hizo chache. Jipange kwa foleni. Kuna ukaguzi wa tiketi na kitambulisho, kuna ada ya Go Pass ambayo abiria wa Kongo wameilipa tangu 2009, kuna watu wa uhamiaji hata kwa safari ya ndani ya nchi, na kuna mizani.

Mizani ndiyo moyo wa shughuli yote. Simama kando yake uone. Mama mmoja anaweka begi la kijani lililofungwa kamba ya katani. Sindano inapanda, inatikisika, inatulia kwenye 27. Ruhusa ni 23. Hasemi neno. Anaketi juu ya sakafu, anafungua kamba, anatoa mfuko wa unga wa mahindi, kwa sababu mtoto wake aliyeko Kinshasa anadai kwamba bukari, yaani ugali, ya kule haishibishi, anauweka pembeni. Anatoa uyoga uliokaushwa, anaunusa, anaurudisha, huo hauachwi. Anatoa jozi ya viatu vya kiume, anafikiri, anavua vyake, anavaa vile vya kiume, vyake vya kandambili anavitia kwenye mkoba. Sindano sasa inasoma 24 na nusu. Kijana wa mizani anamtazama usoni, anaitazama sindano, anabandika karatasi. Jambo hilo limechukua muda mrefu kuliko ndege itakavyochukua kutoka juu ya Luano mpaka juu ya Likasi, na nyuma yake kuna watu arobaini wenye mabegi ya kamba. Usiwachukie. Unga ule ni sehemu ya masafa. Kama Kinshasa ingekuwa karibu, angeupeleka kwa basi.

Ukishafika N'djili unadhani umefika Kinshasa. Hujafika. Kutoka uwanjani mpaka Gombe, katikati ya mji, ni kama kilomita 25, njia ni Bulevadi Lumumba, ukipita Masina na Limete, na mnara wa Échangeur unauona mbele muda mrefu kabla hujaupita. Jumapili asubuhi utasema Wakinshasa wanatia chumvi. Siku ya kazi jioni, kilomita hizo 25 zinaweza kukula saa mbili au tatu, yaani sawa na zile 1,550 za angani au kuzizidi. Nasema hivi bila kutania: unapopanga safari, ihesabu Bulevadi Lumumba kama ndege ya pili.

Hivyo jumla ya kweli ipatikane hivi. Saa mbili na nusu au tatu Luano kabla ya kuruka. Saa mbili na robo mpaka mbili na nusu angani. Saa moja N'djili kungoja begi la kijani. Saa moja mpaka tatu barabarani. Aliyeondoka nyumbani kwake katika mitaa ya Kenya au Kampemba, Lubumbashi, alfajiri atabisha hodi Kinshasa mchana, kwa saa ya mji wowote ule kati ya miwili.

Mwenye hasira atauliza kwa nini asiende kwa gari au treni. Aende, lakini ajue anachokwenda kukikuta. Kwa Barabara ya Taifa Nambari 1, kupitia Likasi, Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, ni zaidi ya kilomita 2,000. Mpaka Kolwezi utafurahi. Mbele ya hapo mvua ndiyo inayopanga ratiba. Kwa reli, habari ni ya kusikitisha zaidi, kwa sababu reli ilikusudia kufika ikaachia njiani. Treni ya kwanza iliingia Élisabethville, kama mji ulivyoitwa, mwaka 1910, ikitokea kusini, Rhodesia. Ilikuwa mwaka 1928 reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, leo Ilebo, kwenye mto Kasai. Kwa miaka 18 mtu wa Lubumbashi aliweza kufika Cape Town kwa treni lakini hakuweza kufika Kasai. Na kutoka Ilebo mpaka Kinshasa, vyuma havijalazwa mpaka leo. Unashuka treni, unapanda boti, unafuata maji. Hiyo ndiyo iliyoitwa Njia ya Taifa, na waliopita huko hawakuhesabu saa.

Ndiyo maana ndege Katanga si anasa. Sabena ya Wabelgiji iliunganisha Boma, Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Élisabethville kwa ndege katika miaka ya 1920, wakati miji mingi ya Ulaya yenyewe haikuwa na usafiri huo, kwa sababu ardhini hapakuwa na njia nyingine ya maana ya kumfikisha mtu. Tangu hapo masafa ya Lubumbashi na Kinshasa yamekuwa yakirefuka na kufupika kwa kutegemea nani ana ndege na nani anamruhusu kutua.

Mifano ipo, na baadhi yake ni mizito. Tarehe 12 Julai 1960, siku moja baada ya Moïse Tshombe kutangaza kwamba Katanga imejitenga, ndege iliyomchukua Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba ilifika Élisabethville ikanyimwa ruhusa ya kutua. Wakuu wawili wa nchi walikuwa juu ya mji wao wenyewe, na masafa yaliyobaki yalikuwa urefu wa kushuka tu, yakawashinda. Januari 17, 1961, uwanja huohuo uliruhusu ndege kutua. Ilikuwa imemleta Lumumba akiwa mfungwa, na akauawa usiku huohuo pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Septemba mwaka huo, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Moja kwa moja ni kilomita 1,740 hivi, lakini mstari huo ungempitisha juu ya Katanga na ndege yake ya kivita. Wakazunguka mashariki mpaka upande wa ziwa Tanganyika, ndipo wakageuka kusini. Safari ilichukua zaidi ya saa sita, na ndege ikaanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18. Anayefikiri kwamba masafa ni kilomita peke yake asome habari za miezi hiyo kumi na minne.

Siku za amani, kilichorefusha njia ni uchache wa ndege. Air Congo ya 1961 ikawa Air Zaïre 1971, na 1995 ikafilisika. Korongo, yenye makao Lubumbashi, ilianza kuruka 2012 na kufunga 2015. Mwaka huohuo wa 2015 Congo Airways ikaanza. Desemba 2024 ikaja Air Congo mpya, kwa ubia na Ethiopian Airlines, na Kinshasa–Lubumbashi ikawa miongoni mwa njia zake za kwanza. Kila shirika likifungua, mji mkuu unasogea. Likifunga, unarudi ulikokuwa. Ndege ikiwa moja kwa siku nayo ikaahirishwa, Kinshasa imehamia kesho, na aliyekuwa na kesi, harusi au msiba hawezi kuambiwa kwamba ni saa mbili na robo. Ninachokiomba kwa wenye mamlaka ni ndege za kutosha, na taarifa ya kuahirishwa itolewe abiria akiwa bado nyumbani kwake, hajalipa teksi. Si ombi kubwa.

Yaliyobaki ni ya adabu kwa wanaokungoja. Ukipiga simu, taja saa na mji kwa pamoja:

"Yaya, ndege inatua saa tano na robo, saa ya kwenu Kinshasa."

"Ya kwetu?"

"Ya kwenu. Lakini usitoke nyumbani kabla sijakupigia nikiwa nimeshika begi."

Maneno hayo ya mwisho yanaokoa ndoa na udugu. Yaya aliyeelewa saa tano na robo ya Lubumbashi atakuwa N'djili saa nne na robo ya kwake, chini ya jua, akinunua maji ya mfukoni na kukasirika polepole. Utakapotoka umechoka, yeye atakuwa amechoka zaidi, nanyi bado mna Bulevadi Lumumba mbele yenu.

Simu yako ikiamshwa baada ya kutua hutafuta mtandao, na mara nyingi hujirekebisha yenyewe: ilikuwa 12:20, inakuwa 11:20. Saa ya mkononi haijirekebishi. Irudishe mwenyewe ukiwa bado kitini. Kama simu ni mkaidi, fungua mipangilio. Kompyuta za dunia nzima zina majina mawili kwa ajili yetu, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, nawe chagua la mji ulipo. Mwenye dawa za kumeza kila baada ya saa kumi na mbili asibadilishe chochote: tumbo lake liko bado Katanga, na aendelee kwa saa ya Katanga mpaka atakaporudi, au amuulize daktari kabla ya kuondoka kama anakaa muda mrefu. Mwenye shughuli za ofisi akumbuke kwamba akiwa Lubumbashi na kupiga simu wizarani saa 2:00 asubuhi, huko ni saa 1:00 na anayepokea ni mlinzi. Na mpenzi wa TP Mazembe, mechi dhidi ya V.Club ikichezwa Kinshasa saa 9:30 alasiri, kwake ni saa 10:30. Asifunge duka mapema.

Kuhusu kurudi, lipa deni la saa mbele kwa mbele, siku moja kabla. Usiku wa mwisho Kinshasa, peleka saa yako mbele, ule na ulale kwa saa ya Lubumbashi. Usiweke kikao cha jioni siku ya kurudi. Ndege inayoondoka N'djili saa 10:00 alasiri inatua Luano saa 1:15 usiku, giza limeshaingia, na begi la kijani, ambalo sasa limejaa shikwanga na vitenge, litatokea kama saa mbili. Wapigie nyumbani wakuwekee chakula cha saa tatu. Wakikuuliza umesafiri muda gani, wape namba zote tatu.